Tebo, tuisheni na dakika kumi za jioni

Leo naomba tuzungumzie tebo. Ndiyo, tebo zile zile za nyuma ya daftari: mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne.

Dada yangu wa Morogoro ameniandikia WhatsApp akiomba shilingi 40,000 kila mwezi kwa ajili ya tuisheni ya mwanae, ambaye ni mwanangu pia. Mtoto yuko darasa la nne na tebo hazipandi. Mwalimu amesema asiposaidiwa atapata shida kwenye upimaji wa kitaifa. Dada ameniruhusu nimjibu hapa hapa, maana si yeye peke yake. Ndani ya miezi miwili nimeulizwa jambo hili na watu watatu, na mmoja wao ni binamu yetu wa Mombasa.

Jibu langu ni kwamba hela ya tuisheni ya tebo sitoi. Hela ya madaftari, viatu na uji wa shule nitatuma kama kawaida. Lakini tebo ni kitu ambacho mtoto anaweza kukiweka kichwani nyumbani, kwa dakika kumi kwa siku, akisimamiwa na mtu yeyote anayeweza kusoma namba. Hata bibi yake anaweza. Naomba mnisikilize kwanza kabla hamjaanza "huyu ameshakuwa mzungu".

Tuanze na wale wanaosema tebo hazina maana siku hizi kwa sababu kila simu ina kikokotoo (sio kile cha mafao ya wastaafu, punguzeni hasira). Huku Uingereza watu wa namna hiyo wapo wengi, na nyumbani naona wameanza. Nawaomba wachukue karatasi wazidishe 47 kwa 86. Ndani ya hesabu hiyo moja kuna tebo nne: 6 mara 7, 6 mara 4, 8 mara 7, 8 mara 4. Halafu kuna kubeba, kuna kupanga mistari, kuna kujumlisha. Jibu ni 4,042. Mtoto ambaye 42 na 56 zinakuja zenyewe anabaki na akili ya kukumbuka amebeba ngapi na ameandika wapi. Yule anayehesabu vidole kwa kila hatua, akimaliza 8 mara 7 ameshasahau alikuwa anafanya nini. Mwalimu anaweka mkasi na kuandika "hajui kuzidisha", wakati njia ya kuzidisha mtoto anaijua vizuri tu. Kinachomwangusha ni tebo. Na baada ya hapo kuna kugawanya, kuna sehemu, kuna asilimia, na zote zinasimama juu ya tebo hizo hizo. Ndiyo maana mtoto anayeyumba darasa la nne, darasa la sita anasema "mimi hesabu sizipendi".

Kazini kwangu naona jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mtu akisimama moyo, sisi wauguzi hatukai kufikiria: migandamizo 30, pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Tumefanyia mazoezi sanamu mpaka mikono inakwenda yenyewe, na tunarudia mafunzo hayo kila mara. Hakuna anayetuita kasuku. Mikono ikishajua kazi yake, kichwa kinapata nafasi ya kumtazama mgonjwa. Tebo ni hivyo hivyo.

Na kikokotoo tunacho wodini, tena tunaruhusiwa kukitumia. Lakini kikokotoo kinajibu ulichobonyeza, hakijui ulichokusudia. Tuseme dawa fulani ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mgonjwa, na mgonjwa ana kilo 60. Mwenye tebo kichwani anajua 6 mara 7 ni 42, kwa hiyo jibu lazima liwe 420. Kidole kikiteleza ikatokea 4,200 anashtuka hapo hapo. Asiye na tebo anaamini kioo. Ndiyo maana Baraza la Wauguzi na Wakunga la huku, katika viwango vyake vya mwaka 2018, linataka mwanafunzi wa uuguzi apate asilimia 100 kwenye mtihani wa hesabu za dawa kabla ya kumaliza chuo. Tisini na tisa haitoshi! Na wale tuliosomea nje ya nchi, mtihani wa kompyuta wa kujisajili siku hizi una sehemu nzima ya hesabu, maswali 15 kwa dakika 30. Wadogo zangu mnaoniuliza njia ya kuja huku, anzeni na hapo.

Haya, sasa mnisikilize na upande wa pili, maana sitaki mdhani nawasifu Waingereza.

Tangu mwaka 2022 shule zote za msingi za serikali hapa England (Scotland na Wales wana mambo yao) zinatakiwa kuwapima tebo watoto wa mwaka wa nne, wale wa miaka 8 na 9. Mtoto anakaa mbele ya kompyuta au tableti mwezi wa Juni, yanatokea maswali 25, kila swali sekunde 6, halafu anapumzika sekunde 3, linakuja jingine. Tebo ya 2 mpaka ya 12, na wameweka zaidi zile ngumu: 6, 7, 8, 9 na 12. Hakuna kufaulu wala kufeli, mzazi anaambiwa tu mtoto amepata ngapi. Mwaka ule wa kwanza waliopata zote 25 walikuwa asilimia 27, na mwaka 2024 wakafika asilimia 34. Mwanangu alifanya huo wa 2024.

Mabishano yake sasa! Wapo wanaosema kuwapima watoto kwa saa kunawajengea hofu ya hesabu. Profesa Jo Boaler wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, ambaye ni mzaliwa wa huku huku, amelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Kuhusu hofu nakubaliana naye. Mtoto aliyeshikwa na woga anasahau hata anachokijua, na hilo halihitaji profesa, kila aliyewahi kuitwa ubaoni analifahamu. Lakini wapo wazazi wanaochukua maneno hayo wakayavuta mpaka yakawa "basi watoto wasikariri kabisa". Hapo naachana nao. Hofu inatokana na namna tunavyowauliza watoto. Saba mara nane yenyewe haijawahi kumng'ata mtu.

Na sisi je? Sisi tuna matatizo mawili, na yote mawili tunayaita "kujua tebo".

La kwanza ni wimbo. Mtoto anasimama anaimba tebo ya saba kutoka juu mpaka chini kama kwaya ya Jumapili, wazazi tunapiga makofi. Sasa mwulize ghafla, "saba mara nane?" Utamwona midomo inaanza kucheza: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne... anapanda ngazi nzima kutoka chini. Huyo anajua wimbo. Ni kama mtu ambaye hawezi kukuambia herufi inayofuata baada ya M mpaka aanze na A. Kuimba si kubaya, ndiko kunakoanza na watoto wanakufurahia, ila wengi wetu tunaishia hapo. Niliongea na mtoto wa dada kwa simu wiki iliyopita. Tebo ya sita aliiimba vizuri sana, lakini nilipomrukia na 6 mara 8 alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

La pili ni fimbo, na hapa naomba wajomba mnivumilie. Najua mtasema "sisi tulichapwa na tukajua". Ni kweli tulichapwa. Lakini mnawahesabu waliobaki darasani, hamuwahesabu walioanza kujificha kwenye mashamba ya watu kila siku ya tebo. Hata Waingereza walikuwa wanachapa, tena sana tu. Fimbo ilikatazwa kwenye shule zao za serikali mwaka 1987, juzi juzi hapo, na tebo hazikuondoka nayo. Mtoto anayesubiri fimbo anatumia akili yake yote kuitazama fimbo.

Tuisheni nyingi ninazozijua mimi ni hayo mawili yakiongezewa saa mbili: watoto arobaini sebuleni kwa mtu, wimbo ule ule, na fimbo ile ile ikiwa imeegeshwa mlangoni. Sisemi waalimu wa tuisheni ni wabaya, wanatafuta riziki. Ila tebo ni kitu cha mtoto mmoja mmoja. Kila mmoja ana zake anazozikwama, na huwezi kuzijua za kila mtoto katikati ya watoto arobaini.

Sasa tukae chini tuhesabu pamoja, maana watu wanaogopa tebo kwa kuziona ni nyingi. Jedwali la 1 mpaka 12 lina vyumba 144. Lakini 3 mara 8 na 8 mara 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo zinabaki 78. Toa za 1, 2, 5 na 10, ambazo mtoto wa darasa la nne kwa kawaida anazo. Toa na ya 11, maana 11 mara 4 ni 44 na inajisema yenyewe (ila 121 na 132 mtafundisha mwishoni). Zinabaki 28. Toa ya 9, kwa sababu ina ujanja wake: chukua mara kumi, toa moja. 9 mara 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Tena tarakimu za jibu zikijumlishwa zinarudi 9, 6 na 3, kwa hiyo mtoto anajikagua mwenyewe.

Zimebaki 21 tu. Hizi hapa, ziandikeni:

3×3=9, 3×4=12, 3×6=18, 3×7=21, 3×8=24, 3×12=36
4×4=16, 4×6=24, 4×7=28, 4×8=32, 4×12=48
6×6=36, 6×7=42, 6×8=48, 6×12=72
7×7=49, 7×8=56, 7×12=84
8×8=64, 8×12=96
12×12=144

Mtoto anayelia usiku anadhani ana mlima wa 144. Mwonyesheni hizi 21, halafu mkate na zile anazozijua tayari. Wa dada alipozipitia kwa simu zilibaki 13. Shilingi 40,000 kwa mwezi kwa vitu 13!

Kabla ya kukariri, mtoto aone kitu chenyewe. Mzee wa jirani ana bao. Lina mistari minne ya mashimo nane nane, hesabuni mashimo: 32. Kete ni 64, kwa hiyo kila shimo kete mbili. Hapo 4×8 na 8×8 zimekaa mbele ya macho na mtoto amezishika kwa mkono. Trei ya mayai ni sita kwa tano, 30. Kisha mfundisheni kuzaa tebo mpya kutoka kwenye anazozijua. Ya 4 ni ya 2 mara mbili yake: 2×7 ni 14, basi 4×7 ni 28, na ukiongeza mara mbili tena una 8×7, ambayo ni 56. Ya 6 ni ya 5 ukaongeza moja: 5×7 ni 35, ongeza 7, ni 42. Ya 12 ni ya 10 na ya 2: 84 ni 70 na 14. Mtoto anayejua njia hizi hata akisahau hapotei, ana pa kurudia. Huyo wa wimbo akisahau mstari mmoja wimbo wote umekufa.

(Mtaniuliza kwa nini Waingereza wanang'ang'ania ya 12 wakati vidole ni kumi. Ni pesa yao ya zamani. Mpaka Februari 1971 shilingi moja ya huku ilikuwa na peni 12, na futi yao ina inchi 12 mpaka leo. Pesa ilibadilika, tebo ikabaki. Mimi siichukii, mwaka una miezi 12 na saa zetu ni 12.)

Baada ya hapo ndipo mazoezi, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu kwa haraka. Msimpe zote kwa siku moja. Tebo tatu mpya, basi. Zichanganyeni na zile anazozijua vizuri ili asikae anakosa tu, maana mtoto anayekosa mara kumi mfululizo anakata tamaa na mtu mzima pia. Akikwama, mpeni jibu palepale. Msimwache anatumbua macho dakika nzima, na msimwambie "fikiri!" Saba mara nane haifikiriwi, ama ipo ama haipo. Mwambieni ni 56, aseme mwenyewe, mwulizeni nyingine mbili, mrudieni: saba mara nane? Mwulizeni nyingine tano, rudini tena. Kesho yake rudini, na baada ya siku tatu, na baada ya wiki.

Huko kurudi kwa kuachanisha ndiko kunakofanya kazi yote. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha kitabu akionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa siku mbalimbali kunashinda kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu dakika 10 kila siku zinaishinda Jumamosi nzima ya tuisheni. Dakika 10 kwa siku sita ni saa moja tu kwa wiki. Zifanyeni wakati maharage yako jikoni.

Geuzeni pia maswali. Leo "7 mara 8", kesho "8 mara 7", keshokutwa "56 gawanya kwa 7". Akiyajibu yote matatu bila kupanda ngazi, hiyo imekaa, ihamisheni kwenye fungu la anazozijua. Saa au simu ya kupima sekunde isiguswe mpaka ajue zote 21, na hata hapo ashindane na yeye wa jana, asishindanishwe na mtoto wa jirani. Hilo la mtoto wa jirani nalisema kwa sababu nalijua ukoo wetu.

Binamu wa Mombasa aliniuliza lugha. Mtoto anasoma kwa Kiingereza shuleni, je, amfundishe tebo kwa Kiswahili? Mimi nasema lugha anayofundishiwa shuleni ndiyo ya mazoezi ya haraka, kwa sababu ndiyo atakayoulizwa. Tebo zinakaa kichwani kama maneno, na zinakaa kwa lugha zilizoingia nayo. Mimi nina miaka kadhaa huku, naota ndoto kwa Kiingereza, lakini nikipiga hesabu ya dawa midomo inasema "sita mara saba arobaini na mbili". Wenzangu wa zamu wanadhani naomba dua. Maelezo ya bao na mayai, hayo mpeni kwa lugha yoyote anayoicheka.

Sasa niseme kama muuguzi. Kabla ya kulipia tuisheni yoyote, mpelekeni mtoto apimwe macho na masikio. Mtoto anayekaa nyuma na haoni ubao anaitwa mzito bure. Na kama mtafanya haya kwa miezi miwili, kila siku, bila fimbo, halafu bado anashindwa hata kujua lipi kubwa kati ya 8 na 6, hapo kuna jambo jingine. Wapo watoto wachache ambao namba zenyewe haziwakai, wana akili zao timamu na wanasoma vizuri, na hao wanahitaji mwalimu mwenye utaalamu. Hela ya mwalimu wa namna hiyo nitatoa bila kuulizwa mara mbili.

Dada, kadi 21 nimezikata kwenye boksi, swali mbele, jibu nyuma, nikazifunga na mpira. Nimempa mama mmoja wa hapa anayesafiri Jumatano. Zimo kwenye bahasha ya khaki pamoja na miwani ya mama. Zile tatu zenye alama nyekundu kwenye kona ndizo za wiki ya kwanza: 6×7, 6×8 na 7×8. Nyingine usimwonyeshe kwanza. Jumapili jioni sina zamu, nitapiga video, na naomba simu ashike mwenyewe.